Fensi ya miti imepara chini, juu imeshona: tatizo ni mkasi, udongo au jua?

#1 BabaDoto_Buswelu
Wakuu, habari za jioni.

Nina fensi ya duranta ya njano mbele ya nyumba huku Buswelu, inaanzia kona ya jirani mpaka getini. Nyuma nina michongoma, hiyo haina shida, tuiache. Hii duranta juu imeshona vizuri, ukiitazama kwa mbali unasema hapo anakaa mkurugenzi. Sogea sasa: kuanzia ardhini mpaka juu ya goti ni vijiti vitupu. Mbuni kabisa, manyoya juu, miguu uchi. Kuku wa mtaa wanapita wanavyotaka, na mpita njia akiinama kidogo anajua leo tumepika nini.

Anayenikatia ni kijana wa mtaani. Anakuja na panga lake, anapiga juu, anapiga ubavuni, anachukua chake anaondoka. Nilivyokuwa najua, miti ikikatwa mara kwa mara inashona. Sasa mbona hii inashona juu tu? Na kuna namna ya kurudisha majani ya chini bila kung'oa yote? Mama watoto ameshaanza kuulizia bei ya tofali.

#2 Nyanza_Kwanza
Msikilize mama watoto. Uzi ufungwe.

#3 MamaKulwa
#2 wewe endelea kuoka ndani ya ukuta wako. Mwanza hii mawe yenyewe yanatoa joto mpaka usiku, mtu bado anaongeza tofali. BabaDoto using'oe, fensi ya miti inapitisha upepo wa ziwa. Ngoja wajuzi waje, mimi nimevuta kigoda.

#4 Kitalu_Nyegezi
Mkuu, mimi nauza miche na nakata fensi za watu, nivumilie nikirefusha.

Tatizo lako ni umbo. Huyo kijana ama anakata ubavu wima kabisa, ama anaacha juu pawe panene kuliko chini. Panga likishuka kutoka juu mkono wenyewe unaingia ndani, kwa hiyo kila akikata, chini panazidi kuliwa na kichwa kinabaki kimetokeza nje. Kile kichwa kinafunika shina. Jani la chini lisipoona jua, mti hauna sababu ya kulilisha, unalidondosha.

Fensi inakatwa ikiwa pana chini na nyembamba juu. Kwa fensi ya usawa wa kifua mimi naacha chini kama sentimita 70 na juu 45 hivi. Na usiamini macho. Pigilia vigingi kila mwisho, vuta kamba ya fundi chini na nyingine juu, kata ukifuata kamba. Ukimaliza, mtu akisimama pembeni aone ubavu umelala kidogo tu, siyo mteremko wa paa.

Cha kupima sasa hivi: angalia rangi ya majani machache yaliyobaki chini. Duranta ya njano ikikaa kivulini inarudi kijani. Juu ikiwa njano na chini kijani, jibu unalo.

#5 Jabali_la_Igogo
Kitalu, hayo ya pana chini ni mambo ya Uingereza. Huko jua linakuja kwa ubavu, lazima waulaze uzio upate mwanga. Sisi tupo nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa 3 na mwezi wa 9 jua la saa sita lipo utosini. Mwanga unatoka juu, ulaze ubavu usilaze ni yale yale.

Tatizo ni udongo. Mwanza hii chimba futi mbili uone kama hujagonga jiwe. Juu ya jiwe ni kichanga cha mawe yaliyooza, maji hayakai hata siku mbili. Mti ukishikwa na kiu unatupa majani ya zamani kwanza, na majani ya zamani yako chini. Mwaga samadi, tandaza nyasi, mwagilia. Mkasi utajijua wenyewe.

#6 Kitalu_Nyegezi
Jabali umejijibu hujajua. Mwanga ukitoka juu, kichwa kinene kinatia kivuli shina lote. Kwa hiyo huku umbo lina maana zaidi kuliko huko unakokusema. Halafu jua haliko utosini mwaka mzima: Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, na asubuhi na jioni linapiga ubavu kila siku ya Mungu.

#7 Dagaa_Mkavu
Watu wazima wawili wanagombania jua. Linawatosha jamani.

#8 Ticha_Mkolani
Naomba nichangie kidogo, nafundisha baiolojia.

Wote mnazungumzia ya leo, mimi nataka kujua ya siku ya kwanza. BabaDoto, hiyo duranta ulianza kuikata ikiwa na urefu gani? Ncha ya tawi inatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka chini na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Ukikata ncha, kizuizi kimeondoka, machipukizi ya chini ya mkato yanaamka, tawi moja linazaa mawili matatu. Lakini yanayoamka zaidi ni yale ya karibu na mkato. Mtu akiacha miche ikue mpaka kifuani ndipo aanze kukata, matawi mengi yatatokea hapo hapo kifuani. Chini hapajawahi kuambiwa paamke.

Miche inatakiwa ikatwe ncha ikiwa usawa wa goti, au chini ya hapo. Halafu ikipanda kidogo, kata tena. Inauma roho kwa sababu unataka fensi ifike juu haraka, ila hapo ndipo msingi unapojengwa.

#9 BabaDoto_Buswelu
Ticha nimekuelewa vizuri mno. Tuliiacha ikue kwanza ndipo tukaanza kukata, kila mtu alituambia hivyo.

Kitalu, nimeenda na tochi. Upande wa barabarani majani ya chini ni ya njano ila machache. Upande wa jirani, ambako pana ukuta wake, ni ya kijani kweli.

#10 Jabali_la_Igogo
Hahaha. Kitalu umeona? Upande wa kijani ni wenye ukuta. Kivuli ni cha ukuta wa jirani, siyo cha umbo. Na upande wa barabarani yana jua, ni njano, na bado yamepukutika. Kwa nini? Udongo.

#11 Kitalu_Nyegezi
Au vumbi la barabara, au mbuzi, au panga. Usifunge kesi mapema.

#12 Muta_Kirumba
Mbuzi! Nilikuwa nangoja mtu ataje. Mbuzi wa mtaani wanakula chini na kuacha juu, hiyo ndiyo alama yao. Hakuna cha oksini wala nini.

#13 MamaKulwa
Muta, mbuzi wangu wanapita kwenye duranta ya jirani kila siku na hawaigusi. Wanaila haibiskasi mpaka gome, duranta wanainusa tu. Na afadhali, maana zile tunda zake za njano zina sumu. Wenye watoto wadogo zikateni kabla hazijaiva, watoto wanazipenda kwa rangi.

Kuku ndio ninaowashuku mimi. Wanaparua udongo pale chini mpaka mizizi inakaa juu juu.

#14 Mzee_wa_Magu
Mwangaluka wanangu. Mnahangaika na miti ya mapambo. Sisi Wasukuma uzio tuliujua zamani: minyaa. Unakata kijiti, unakichomeka ardhini kipindi chochote, kinaota. Hakihitaji samadi, hakihitaji maji, ng'ombe hali, mbuzi hali. Maboma yote ya huku yalizungushiwa minyaa. Hata ngitili, yale malisho yaliyotengwa ya kiangazi, watu waliweka minyaa kwenye mipaka. Shinyanga palipogeuka jangwa, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulirudi kwenye ngitili hizo hizo za wazee. Leo mtu anapanda mti unaotaka kukatwa nywele kila mwezi.

#15 Ticha_Mkolani
Shikamoo mzee. Ni kweli, ila na minyaa usipoikata chini inabaki magogo na juu kichaka. Nenda vijijini uone, ng'ombe anapita katikati ya mashina.

#16 Mzee_wa_Magu
Marahaba. Ikifika hapo unachomeka vijiti vipya kwenye mapengo. Fensi mpya bure.

#17 Nesi_wa_Zamu
Samahani naingilia. Yeyote atakayekata minyaa avae miwani na mikono mirefu, tafadhali. Yale maziwa yake yakiingia jichoni ni balaa. Hayaumi sana dakika ile ile, mtu anaendelea na kazi, usiku jicho linavimba na kuona ukungu. Tumepokea mtu aliyekata bila kujikinga halafu akapangusa jasho kwa mkono ule ule.

#18 Muta_Kirumba
Nesi, dawa yake si maziwa ya mama anayenyonyesha? Kwetu wanakamulia jichoni.

#19 Nesi_wa_Zamu
Hapana Muta. Ni maji safi, mengi, yanayotiririka, angalau dakika 15, jicho likiwa limefunuliwa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Mambo ya kukamulia yanapoteza muda na yanaweza kuleta vijidudu vingine.

#20 Mzee_wa_Magu
Nesi anasema kweli. Lakini watu wa zamani tulijua kusimama upande upepo unakotoka.

#21 Oili_Chafu
Mmezunguka kote hamjagusa kilichoandikwa kwenye #1: PANGA. Mimi ni fundi mashine, na nina fensi yangu ya duranta hapa Nyakato. Panga butu halikati, linachana. Tazameni majani siku mbili baada ya kukata kwa panga, kila ncha imegeuka kahawia. Kijiti kikichanwa kinakauka kuanzia pale mpaka kifundo kinachofuata, wakati mwingine kinakufa kabisa. Na ubavuni chini panga halina nafasi, mkataji anainama, anapiga kwa hasira, anavunja. Chini panakufa kwa kuvunjwa.

Nunua mkasi mkubwa wa bustani, ule wa mikono miwili. Tupa ya kunolea, kitambaa chenye oili, basi. Matawi manene usilazimishe mkasi, tumia msumeno mdogo. Ukitoka kwenye mti wenye ugonjwa, futa makali kwa spiriti kabla hujaenda mti mwingine.

Kuna wanaokodi mashine ya petroli. Inakwenda haraka, ila ile ni injini ya kuchanganya mafuta. Soma kwenye mashine yenyewe kipimo chake, wengine ni moja kwa 25, wengine moja kwa 50. Ukitia petroli tupu, nitakuona gereji wiki hiyo hiyo.

#22 Nyanza_Kwanza
Kumbe ulikuja kutafuta wateja.

#23 Oili_Chafu
Wateja wa ukuta hawanihusu.

#24 Dagaa_Mkavu
Niko Igombe, karibu na maji. Huku fensi yangu imepara upande mmoja tu, ule unaotazama ziwa. Haijawahi kukatwa na panga, haina ukuta, udongo ni mzuri, mweusi. Kwa hiyo ya kwangu ni upepo? Au ni wale vijidudu vya ziwani? Wakitoka usiku mmoja, asubuhi majani yote ya upande ule ni meusi, wamelala tabaka kwa tabaka.

#25 Ticha_Mkolani
Wale hawali majani, Dagaa. Wakiwa wakubwa wanaishi muda mfupi, wanataga, wanakufa. Hawaumi mtu wala mti. Ila wakiganda kwa wingi na kuoza wanaweza kulizuia jani lisipate mwanga. Wapulizie maji asubuhi wadondoke chini, ni mbolea hiyo.

Mimi ningeshuku upepo. Upepo unakausha majani kuliko mizizi inavyoweza kuyanywesha. Na je, ile 2020 maji yalipopanda, hayakukufikia?

#26 Dagaa_Mkavu
Yalifika mpaka kwenye miti ile ya mwisho, yakakaa wiki na wiki. Tukasema hili ziwa halijawahi kufanya hivi tangu dunia iumbwe.

#27 Mzee_wa_Magu
Lilifanya. 1964 lilipanda kiwango hicho hicho. Mvua zilianza kwa nguvu mwaka wa Uhuru, ziwa likaendelea kupanda, watu wakahama mwaloni.

#28 Ticha_Mkolani
Asante mzee. Basi Dagaa, na mizizi nayo ilizama. Mizizi inapumua, ikikaa majini muda mrefu inaoza, na tawi la juu yake linakufa taratibu hata miaka baadaye. Kwa hiyo kwako tuna upepo, mizizi na vijidudu. Chagua.

#29 Jabali_la_Igogo
Dagaa, fensi yako iko mita ngapi kutoka kwenye maji? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

#30 Dagaa_Mkavu
Mita 60 za mwaka gani? Za kabla ya 2020 au baada? Ziwa ndilo lililonisogelea mimi.

Na miti ni shughuli ya kudumu? Mimi nashika udongo usiende ziwani, mazingira wangenipa cheti.

#31 MamaKulwa
Wakupe cheti, wakishakupa wakuondoe.

#32 Dagaa_Mkavu
Halafu Jabali wewe wa udongo, mimi natandaza magugu maji chini ya fensi. Nayavuta, nayaanika, naweka. Bure kabisa tangu yaingie ziwani mwaka 2000.

#33 Kitalu_Nyegezi
Yaliingia kabla ya hapo mkuu, mwishoni mwa miaka ya 80 yalishaonekana Ziwa Victoria. Miaka ya 90 ndiyo yalifunga mialo. Wakaja wale fukusi wa kuyala, yakapungua, yakarudi. Kutandaza ni sawa, ila yaanikwe juani yakauke kabisa, mbali na mtaro. Kipande kibichi kikisombwa na mvua kinarudi ziwani kuzaana.

#34 Muta_Kirumba
Jamani kabla hatujazama ziwani, mimi yangu ni bogenvilia. Nimeikata ikapendeza, umbo safi, sasa ni majani matupu. Maua hakuna. Zamani ilikuwa inawaka mpaka daladala zinapunguza mwendo. Ile ya asili ya India inataka nini?

#35 Ticha_Mkolani
Siyo ya India, ni ya Amerika Kusini. Jina linatokana na Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville aliyezunguka dunia kwa meli kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea wa safari hiyo, Philibert Commerson, ndiye aliyeikusanya Brazili. Na kile chenye rangi unachokiita ua ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati.

#36 Muta_Kirumba
Ticha, niliomba maua, nimepewa historia. Wabeja.

#37 Kitalu_Nyegezi
Muta, bogenvilia inatoa maua kwenye tawi jipya. Ukiikata kila baada ya wiki mbili iwe sanduku, unakata tawi kabla halijafikia kuchanua. Ikate sana mara moja ikimaliza kuchanua, halafu iache. Na punguza maji. Ukiinywesha na kuitupia mbolea ya kukuzia inalewa majani. Ikiona kiu kidogo ndiyo inachanua, ndiyo maana kiangazi Capri Point yote inawaka hata kwenye nyumba zisizo na mtunza bustani.

#38 Jabali_la_Igogo
Kwa hiyo duranta inyweshwe, bogenvilia inyimwe, na zote ziko fensi moja. Mmemsaidia sana.

#39 Shemeji_wa_Isamilo
Nimesoma uzi wote, nina swali la haraka. Mimi ni misaiprasi. Fundi aliikata ubavuni mpaka ndani, kwenye matawi ya kahawia, akaniambia itachipua. Mvua mbili zimepita, hamna kitu.

#40 Kitalu_Nyegezi
Pole shemeji. Haitachipua. Duranta, michongoma, haibiskasi, bogenvilia, zote hizo ukikata kwenye gogo zinarudi. Msaiprasi ukivuka sehemu yenye kijani umemaliza. Panda kitu mbele yake kifunike.

#41 BabaDoto_Buswelu
Wakuu nashukuru kwa michango. Sasa nifanye nini, na lini? Maana kila mtu ana ugonjwa wake na dawa yake.

#42 Kitalu_Nyegezi
Subiri vuli, Oktoba mvua zikianza. Kata upande mmoja tu, ule wa barabarani, ingia ndani mpaka karibu na shina, na juu pia punguza kama theluthi. Upande wa jirani uache na majani yake ili mti uwe na cha kula. Masika, mwezi wa 3, geukia upande wa pili. Asubuhi au jioni, usikate jua la mchana, majani ya ndani hayajazoea jua yanaungua.

Mapengo makubwa: chukua tawi refu la chini, lilaze ardhini, likwangue gome kidogo kwa chini, lifukie na uweke jiwe juu. Likishaota mizizi una mti mpya kwenye pengo bila kununua mche. (Najiharibia biashara.)

#43 Mchagga_Nyakato
Napingana na Kitalu kwenye msimu. Ukikata mwanzo wa mvua, utakata kila wiki mpaka Krismasi, mti unakimbia. Mimi nakata Juni mvua zikiisha. Fensi inakaa na umbo lake mpaka Septemba, mkasi unapumzika.

#44 Kitalu_Nyegezi
Mchagga, huko ni kukata kwa umbo, sawa. Mwenzetu anataka kufufua. Ukikata gogo Juni, kiangazi kizima mti hauna maji ya kuchipulia, na huko Buswelu kichanga.

#45 Jabali_la_Igogo
"Huko Buswelu kichanga." Narudia: kichanga. Kaandika mwenyewe.

#46 Mchagga_Nyakato
Halafu BabaDoto, hiyo fensi iko mpakani kabisa? Kabla hujakata mpaka kwenye shina, zitafute bikoni, alama za mpaka za mpimaji. Kuna jamaa hapa alipanda juu ya mstari, miti ikanenepa, ikameza bikoni, jirani mpya akaja na mpimaji. Wakaenda mpaka baraza la kata kwa sababu ya nusu mita. Kwetu Kilimanjaro tunaweka masale mpakani na hakuna anayethubutu kuling'oa.

#47 Muta_Kirumba
Na kwetu Kagera mulamula, kazi ile ile. Ila huku mjini watu hawaogopi mti, wanaogopa zege.

#48 Nyanza_Kwanza
Zege! Hatimaye mmefika.

#49 MamaKulwa
Mimi panda ndani nusu mita kutoka bikoni, nimemaliza. Unapata na nafasi ya kuzunguka nyuma kukata bila kukanyaga mchicha wa mtu. BabaDoto wewe huo upande wenye ukuta unaufikiaje?

#50 BabaDoto_Buswelu
Siufikii, mama. Kati ya fensi na ukuta mtu hapiti. Kijana anakata akiwa amelala juu ya fensi.

#51 Oili_Chafu
Amelala JUU ya fensi???

#52 Kitalu_Nyegezi
Ndugu zangu, uzi una posti 50 na hilo ndilo linatajwa sasa.

#53 Ticha_Mkolani
Ina maana matawi ya kati yamevunjika kwa uzito wake, na upande ule haujawahi kukatwa kwa chini. Hata hivyo haielezi upande wa barabarani.

#54 Jabali_la_Igogo
Kamwe haielezi.

#55 Shemeji_wa_Isamilo
Hakuna anayetaja mchwa? Wakipanda kwenye shina la chini wanajenga udongo wao juu ya gome, majani yanapukutika kuanzia chini. Kwaruza shina kwa ukucha, ukikuta gome limetoka kama ganda na chini yake kuna tope kavu, ni wao.

#56 BabaDoto_Buswelu
Mashina matatu ya karibu na geti yana tope hilo. Mengine hayana.

#57 Muta_Kirumba
Jirani, umbo, udongo, panga, kuku, mchwa na kijana wa kulala juu. Duranta yako ina subira.

#58 Nesi_wa_Zamu
Na isiwe na makopo chini, tafadhali. Watu wanasema fensi inaleta mbu wa malaria. Mbu anazaliana kwenye maji yaliyotuama, ila kichaka kinampa kivuli cha kupumzikia mchana. Nyoka naye anafuata panya, panya anafuata takataka. Ikipara chini angalau mnaona kilichopo, nyie mnataka ishone.

#59 Dagaa_Mkavu
Nesi amegeuza uzi wote. Kupara ni afya.

#60 Mchagga_Nyakato
Oili_Chafu, swali kabla sijalala. Nilipeleka mkasi kwa fundi anayechomelea, akaunoa kwa mashine pande zote mbili za kila kisu. Sasa haukati hata karatasi, majani yanajikunja katikati ya visu.

#61 Oili_Chafu
Ameuharibu. Kisu cha mkasi kina upande uliochongwa na upande bapa. Unanolewa uliochongwa tu, kufuata mlalo wake ule ule. Ule bapa unapitisha kinoo kidogo kutoa vinyweleo vya chuma, basi. Bapa likishaliwa, visu vinaachana katikati na majani yanapita. Kaza kwanza nati ya katikati uone, inawezekana kililegea tu. Isiposaidia uniletee, ila sikuahidi kitu.

#62 Mchagga_Nyakato
Nati nimekaza. Sasa haufunguki.

#63 Oili_Chafu
Robo mzunguko nyuma, tone la oili. Kesho njoo nao, na huyo fundi mwambie asiguse mwingine.